Raundi Kumi Kabla ya Kufika Njoro

Kiprono, wewe mtu,

Pokea salamu, ingawa kwa hasira niliyo nayo ningekunyima hata hizo. Ni Jumamosi jioni. Nimeketi jikoni kwangu hapa Lanet, miguu iko ndani ya karai la maji moto na chumvi, mgongo unauma kuanzia shingoni hadi kiunoni, na mke wangu amenipita mara tatu kwa mbali kwa sababu anajua nikiguswa nitalipuka. Leo nimetoka Longonot. Ndiyo, pale pale. Na kabla hujaanza kupiga makofi huko uliko, tulia unisikilize, maana miaka ishirini ya urafiki sijawahi kumaliza sentensi mbele yako.

Nianze na lile sharti lako. Unalikumbuka, ama ulishasahau na mimi ndiye niliyebaki nalo? Ilikuwa Januari, umelala kwenye kile kitanda cha hospitali karibu na dirisha, umekonda mpaka saa yako ilikuwa inateleza hadi kwenye kiwiko. Nilikuwa nimekuletea uji kwenye thamosi. Ukanishika mkono ukasema, "Mwalimu, usikanyage kaburini kwangu mpaka umalize raundi kumi pale Longonot. Kumi, sio tisa." Halafu ukacheka kile kicheko chako cha kukohoa. Na mimi nikacheka. Nikasema sawa, nimekubali. Mtu atasema nini kingine mbele ya mgonjwa? Siku nne baadaye ukaenda zako, na mimi nikabaki na neno nililokupa.

Najua kwa nini uliniwekea hilo sharti. Mara tatu tumeenda pamoja Longonot, kwenye ule uwanja wa ndege wa zamani ambao chama cha waendeshaji hukodi siku moja, wanapanga mapipa na matairi mabovu kuonyesha kona. Si mashindano, ulinisahihisha mara mia. Hakuna kikombe wala mshindi, ni kila mtu na pikipiki yake akijifunza kwenda kasi mahali pasipo na ng'ombe wala lori. Na mara zote tatu pikipiki yetu, ile nyekundu tuliyonunua nusu kwa nusu, uliiendesha wewe. Mimi nilisimama nyuma ya kamba na saa ya kupimia. Mara ya kwanza nilisema ni goti. Mara ya pili nilisema nina karatasi za mtihani, na nikazibeba kweli, nikazisahihisha nimekalia tairi. Mara ya tatu nilisema mvua inakuja, na Longonot ilikuwa haijaona tone tangu Krismasi. Ulijua naogopa. Hukuwahi kulitaja hilo neno. Ulichofanya ni kungoja mpaka uwe kwenye kitanda cha kufa, mahali ambapo siwezi kukujibu, ndipo ukanibana. Huo ni ujanja wa aina gani?

Sasa sikia ulichonifanyia. Mwezi wa nne watu wa kwenu walijengea kaburi saruji na kuweka msalaba, nikaalikwa kama ndugu. Nilivaa ile suti niliyovaa siku ya kukuzika, siku ambayo nayo niliishia kanisani. Nikafika Njoro, nikafika kwenye geti la boma lenu, na miguu ikagoma. Nilikuwa nimetoa neno. Nikamwambia kakako nitabaki pale nikilinda magari. Magari gani, Kiprono? Yalikuwa mawili, na moja halikuwa na betri. Nilisimama pale saa mbili nzima nikisikia nyimbo zikitokea nyuma ya mahindi, mtu mzima wa miaka hamsini na tatu, naibu wa mwalimu mkuu, nimeshika geti kama askari wa benki. Mkeo, Mama Stella, aliniletea chai na mandazi pale pale getini. Hakuniuliza kitu. Lakini alivyonitazama, afadhali angeniuliza.

Basi tangazo lilipotoka kwamba siku ya Longonot ni Jumamosi ya kwanza baada ya kufunga shule, nikasema mwaka huu nakwenda, liwe liwalo. Nimalize hizo raundi, niende nikakae na rafiki yangu kama watu wengine. Nikaitoa pikipiki kwenye turubai, nikajifungia nayo nyuma ya nyumba wiki mbili. Na hapo ndipo nilipofungua daftari lako.

Daftari! Haki ya Mungu. Nilikununulia jipya, la mistari, nikakupa na kalamu mbili, nikakuomba uniandikie kila kitu hatua kwa hatua, kwa sababu fundi ni wewe. Wewe umetengeneza pampu za mashamba ya maua kule Naivasha tangu ujana wako, na mimi ninachojua ni kukupa spana unayoniitisha. Na ukaandika nini? "Kaza pale, lakini sio sana." Pale wapi? Mstari unaofuata: "Usisahau ile kitu ya chini." Chini ya nini, bwana? Kila kitu kwenye pikipiki kiko chini ya kitu kingine! Ukurasa wa nne: "Hewa ya tairi punguza, unajua mwenyewe." Sijui mwenyewe! Ningejua mwenyewe, daftari lingekuwa la nini? Mtoto wa darasa la tano akiniletea insha kama hiyo namrudishia aanze upya. Nililipigia kelele hilo daftari mpaka jirani akachungulia juu ya ua.

Halafu nikafika ukurasa wa tisa, na mwandiko ukawa umeanza kuanguka chini ya mstari. Ukurasa wa kumi una neno moja tu, "Cheni." Baada ya hapo ni karatasi tupu. Nikaketi juu ya ndoo nikalia. Haya, nimesema. Nililia na mikono ikiwa na grisi, nikajipaka usoni, na mke wangu aliponiona alidhani nimeanguka.

Lakini nilifanya kazi. Usiseme sikufanya. Nilitoa saidimira na indiketa, nikafunika taa kwa plasta ili zikipasuka vioo visimwagike njiani. Nilimwaga ile dawa ya kijani ya rejeta nikatia maji matupu, kwa sababu ile dawa ikimwagika kwenye kona mtu wa nyuma anateleza. Nilitoboa kichwa cha bolti ya oili nikaifunga kwa waya isijifungue, nikavunja biti mbili za drili na kurudia waya mara tatu kabla haujakaa sawa. Cheni nikailegeza mpaka ikawa inacheza vidole viwili. Kuhusu hewa nilimpigia simu mtu wa chama, kwa kuwa mimi, mwenyewe, sikujua. Na ile mikebe yako ya majani chai! Mikebe kumi na minne, yote imejaa bolti, na hakuna hata mmoja ulioandikwa kitu. Nilitafuta bolti moja asubuhi nzima, nikaipata kwenye mkebe wa peremende.

Ovaroli ya ngozi nayo ni habari nyingine. Tulinunua moja ya mtumba, na kwa vile wewe ndiye uliyekuwa ukiendesha, ilichaguliwa kwa mwili wako. Wewe ulikuwa mrefu usiye na nyama. Mimi Mungu alinipa tumbo. Wiki mbili nilikunywa supu ya mboga jioni nikimtazama mke wangu akimega ugali, nikatembea kila asubuhi hadi barabara kuu na kurudi, na zipu bado ilikwama pale pale kitovuni. Mwishowe nikaipeleka kwa fundi wa viatu sokoni. Akaongeza ukanda wa ngozi kila upande wa mbavu, na ngozi aliyokuwa nayo ilikuwa ya kochi, ya kahawia. Kwa hivyo ovaroli yako nyeusi sasa ina mbavu za kochi. Ukicheka sitakulaumu, mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Hayo yote ningeyameza. Lakini Alhamisi!

Alhamisi saa tisa Mama Stella aliingia kwangu na kina mama wanne wa kikundi chake cha maombi, wamefunga vitambaa vyeupe kichwani, mmoja amebeba chupa ndogo. Mke wangu alikuwa amemwambia habari za Longonot. Hata hakunisalimia vizuri. Alisema, "Mwalimu, mimi sitazika wawili mwaka mmoja. Kama ni lazima uende, hiyo pikipiki tutaiombea." Nikaitoa nje, nikaisimamisha kwenye stendi, imeng'aa, imekamilika. Tukaizunguka. Nikainamisha kichwa, nikafumba macho kama kila mtu, na wakaomba. Jamani, waliomba! Walizifunga ajali zote za Gilgil na Naivasha, wakaikemea roho ya mwendo wa kasi, jambo ambalo lilinitia wasiwasi kidogo ukizingatia ninakokwenda, na mimi nikaitikia Amina kwa sauti kuliko wote. Nilipofumbua macho Mama Stella alikuwa anafunga kifuniko cha chupa. Nikaona alama ya mafuta ya upako juu ya tangi, nikashukuru, tukaingia ndani tukanywa chai.

Ijumaa asubuhi nikaitoa kuijaribu mara ya mwisho kwenye kile kibarabara chetu kinachoteremka. Nikashika breki ya mbele. Hakuna kitu. Nikashika tena kwa vidole vyote vinne. Hakuna kitu! Ya nyuma ikalia, ikanipunguza mwendo kidogo, na mimi na pikipiki tukapasua ua wa jirani tukaingia kwenye sukuma wiki yake. Tulisimama mstari wa tatu. Sikuumia. Nilishuka, nikapiga magoti kwenye udongo, nikagusa diski ya mbele, nikanusa kidole. Mafuta ya mzeituni. Walikuwa wamemimina kwenye gurudumu la mbele kwa imani yote, mpaka yakalowa kwenye pedi za breki. Watu waliokuja kuniombea nisife ndio waliopaka breki mafuta, na mimi mwenye breki nilikuwa nimesimama pale pale, nimefumba macho, naitikia Amina!

Jirani alitoka na jembe. Unamwambiaje mtu kwamba umeingia kwenye mboga zake kwa sababu ya maombi?

Diski inaoshwa, hilo nalijua. Petroli na kitambaa safi, kisha petroli tena. Lakini pedi zikishanyonya mafuta, kwisha. Nikazunguka maduka ya spea ya Nakuru nikiwa na pedi moja mfukoni, imefungwa kwenye gazeti. Kila duka lina pedi za bodaboda. "Boss, hiyo yako ni ya kuagiza, labda wiki ijayo." Duka linalofuata, "Mzee, hapa hupati, uende Nairobi." Mmoja aliniambia nizikaange kwenye sufuria mpaka mafuta yatoke. Nikamwambia akakaange zake. Na wakati huo wote nilijua kuna mahali ziko pedi mpya, seti nzima, kwa sababu ulijisifu nazo mwaka mzima. Nikarudi kwenye daftari. Ukurasa wa saba: "Pedi zingine ziko pale pa kawaida."

Pale pa kawaida! Kiprono, nilitaka kukufufua ili nikuue mwenyewe.

Sikutaka kwenda kwa Mama Stella. Angeuliza pedi ni za nini, na mimi sijui kudanganya, ndiyo maana nilibaki kuwa mwalimu. Lakini ilikuwa saa tisa ya Ijumaa, na nisipokwenda Longonot kesho yake nitangoja mwaka mwingine mzima getini kwenu. Nikaenda. Nilimkuta nyumbani kwake, hapa hapa Lanet, anaanua nguo. Nikauliza kama ameona vyuma fulani vidogo, vimefungwa pamoja. Akasema bila kugeuka, "Vya breki? Si viko kwa birika ya wageni." Na kweli, kwenye kabati la vioo, ndani ya birika lenye picha za maua, ambalo hakuna mgeni aliyewahi kumiminiwa chai yake, pedi zako, zimefungwa kwa kitambaa. Pale pa kawaida. Nakuapia, nilihesabu moja hadi kumi.

Yeye ndiye aliyeanza. Alinitazama nilivyoshika kile kitambaa, akaweka nguo chini. "Ni yale mafuta yangu, sindio? Baba Stella alikuwa ananiambia, paka tangi peke yake, magurudumu wachana nayo. Nimesahau, Mwalimu. Siku hizi nasahau kila kitu. Juzi nimeweka chumvi kwa chai." Nikamwambia si neno. Nikamwambia hata hivyo pedi zilikuwa zimeisha, uongo mtupu, na akajua ni uongo. Akakaa kwenye kiti chako, kile cha karibu na redio. Halafu akaniuliza lile swali nililokuwa nalikimbia tangu mwezi wa nne. "Mbona huji Njoro? Watu wa kwetu wanasema ulikuwa rafiki ya pikipiki, hukuwa rafiki ya mtu."

Nikamweleza. Nikamweleza yote, kitanda, uji, raundi kumi. Mwanzo alicheka. Alicheka vizuri kabisa, kicheko ambacho sijakisikia katika nyumba hiyo mwaka huu, akapiga paja, akasema, "Huyo mtu!" Halafu kicheko kikageuka katikati. Akafuta macho kwa ncha ya leso yake. "Wewe angalau alikupa kitu ya kufanya," akasema. "Mimi aliniambia nisijali."

Nikamsaidia kukunja zile nguo. Nimekuandikia maneno yake uyasikie kutoka kwangu, kwa sababu najua yeye hatakuambia.

Nilipoinuka kwenda akasema kesho anakuja nami. Nikamwambia kuna vumbi, kuna baridi, tunatoka mapema. Akasema hawezi kukaa nyumbani akingoja simu ilie. Nikakubali, maana naikumbuka simu aliyoipokea Januari, ni mimi niliyempigia. Nikarudi nyumbani, nikafunga pedi mpya, nikashuka na kupanda kile kibarabara mara ishirini kuzizoesha diski, na jirani amesimama mbele ya sukuma yake, amekunja mikono, mara zote ishirini.

Leo asubuhi tumeondoka na pikapu ya shemeji yangu, pikipiki imefungwa kamba nyuma, Mama Stella kando yangu na thamosi mapajani. Mimi nilikuwa nakunywa maji kidogo kidogo kama ulivyoandika, moja ya vitu vichache ulivyoandika vikaeleweka.

Mkaguzi mwaka huu ni mama mmoja mwenye jaketi ya manjano. Alitikisa usukani, akazungusha gurudumu, akabonyeza breki, akafuata cheni kwa kidole. Alipofika kwenye mbavu zangu akasimama. "Mzee, hii ni nini?" Nikamwambia ni kochi. Akaivuta kwa mikono miwili kuona kama itaachana, haikuachana. Kisha akachuchumaa, akamulika bolti ya oili, akaangalia ule waya. Akasema, "Hii imefungwa na mtu anajua kazi." Kiprono, nikageuka. Nikageuka kabisa, mwili mzima, nikuambie, umesikia huyo? Na nyuma yangu kulikuwa na pikapu tu. Yule mama aliniuliza kama niko sawa. Nikamwambia ni vumbi.

Nikaingia uwanjani. Raundi ya kwanza niliendesha kama mtu anayepeleka mayai sokoni. Walinipita wote, mpaka mmoja aliyekuwa anapunga mkono. Raundi ya pili nilianza kupumua. Ya tatu nikasikia sauti yako ya zamani ulipokuwa ukinifundisha kuendesha, "Kichwa juu, Mwalimu!", kwenye ile kona ya mapipa ya buluu, na kwa mara ya kwanza maishani nikainua kichwa kweli, na kona ikafunguka ikaniacha nipite. Ya nne na ya tano, bwana, nitakuambiaje? Hakukuwa na shule. Hakukuwa na goti. Hakukuwa hata na wewe, nisamehe. Kulikuwa na injini, lami na mlima pale mbele, na mimi niliyekuwa naogopa miaka yote nikawa napiga kelele ya furaha ndani ya helmeti. Nilikuelewa. Ungeniambia tu kwamba ni hivyo, bila masharti, labda ningejaribu mapema. Sina hakika, lakini labda.

Tatizo lilikuwa pale kwenye kamba ya watazamaji. Mama Stella alikuwa amesimama pale pale nilipokuwa nikisimama, saa ya kupimia shingoni. Nilimwomba anihesabie. Kila nikitokea kwenye kona ya mwisho namwona, na kila nikimwona ameweka mikono miwili kichwani. Hahesabu. Hatazami hata saa. Mikono kichwani, kama alivyosimama kwenye korido ya hospitali siku ile. Raundi ya tano nikasema ataizoea. Ya sita midomo yake ilikuwa inatembea, anaomba. Ya saba nikamwona ameinama, bado amejishika kichwa, na nikajiuliza ninamfanyia nani haya. Wewe uko chini ya saruji, huna haraka. Yeye yuko hapa, amesimama juani, anakufa kidogo kila dakika mbili ili mimi nitimize utani wako.

Nikainua mkono, nikatoka.

Akaja mbio, akanishika kwenye zile mbavu za kochi kwa mikono yote miwili. "Umemaliza?" Nikamwambia nimemaliza. Na sikumdanganya.

Walituita tena saa nane. Raundi tatu zilizobaki zingechukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Oili ilikuwa nzuri, breki ilikuwa nzuri, hata woga ulikuwa umepoa. Lakini nilikuwa nimeshavua ovaroli, nimeketi nyuma ya pikapu na Mama Stella, tunakula chapati na maharagwe, na alikuwa ameanza kunisimulia ile siku ulipomfundisha kuendesha akaingia na pikipiki kwenye banda la kuku la mama yako. Sikuwa nimewahi kuisikia hiyo! Miaka ishirini, hukuniambia! Tukacheka, kisha akaniambia nyingine, na mimi nikamwambia ya kwangu, na tukakuongelea hivyo mpaka watu wakaanza kufungasha. Tangu Januari sijawahi kukuongelea na mtu yeyote. Nilikuwa nangoja nimalize kwanza.

Na hilo ndilo lililonikasirisha, Kiprono, ndilo linalonifanya niandike huku maji yakipoa kwenye karai. Sikukasirika kwa sababu ya daftari, wala mikebe, wala birika. Nimekukosa, bwana. Nimekukosa vibaya. Na wakati wote huo, watu wengine wakija kwako wakilia na kung'oa magugu, mimi nilikuwa nje nikilinda gari lisilo na betri, kwa sababu ulidhani ninachohitaji ni kusukumwa. Sikuhitaji kusukumwa. Nilihitaji kuja kukaa. Kaburi la rafiki si mtihani, na mimi nimesimamia mitihani ya kutosha.

Pikipiki nitaitunza. Hilo nakuahidi. Nitaandika majina kwenye mikebe yote kumi na minne, na mwakani nitarudi Longonot, kwa kuwa nimependa, si kwa kuwa umesema. Na kila mwezi nitampeleka Mama Stella kwako, awe na kitu cha kufanya, kwa vile wewe hukumpa.

Lakini kesho ni kesho. Baada ya ibada tunakuja Njoro, yeye na mimi. Nitafungua lile geti, nitapita kando ya mahindi, nitaketi kwenye saruji yako na suruali yangu nzuri. Nimeendesha raundi saba. Kama hazikutoshi, inuka wewe mwenyewe unizuie.

Ni mimi,
Mwalimu